Mgongo wa Baba

Sina uso wa kusimulia jambo hili, na kama si nyinyi mnaonijua nisingefungua kinywa, maana mpaka leo nikisikia bunduki ikilia mbali, aibu hunifika kabla ya mshtuko.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, mimi nimetoka chuo kikuu na shahada yangu, nimepewa meza katika ofisi za wilaya hapa Kakamega, na klabu ya Wazungu nje ya mji ndiyo kwanza imeanza kutupokea sisi Waafrika. Mchezo wao mkubwa ulikuwa kulenga sahani: kuna shimo, ndani ya shimo kuna mtambo, na mpigaji akishaweka bunduki begani hupaza sauti, "Vuta!" Mtu wa shimoni huvuta mkono wa mtambo, kisahani cha udongo kikaruka kama ndege, ukivunje au kikushinde. Mkubwa wangu wa kazi alinifundisha shambani kwake upande wa Kitale, nikauweza (nilishangaa mwenyewe), nikaandikishwa kushindania kombe la klabu.

Sasa, mtu wa shimoni alikuwa baba yangu.

Alivuta mtambo ule tangu sijaanza shule; viatu vyangu vya kwanza vilitoka humo shimoni. Wiki nzima nikajiuliza. Nitamwamrishaje baba? Kwetu Malinya jina la baba yako hata hulitaji, sembuse yeye yuko shimoni, mimi nimesimama juu yake na tai shingoni, nimfokee "Vuta!" mbele za watu. Nikafikiria kusema "Vuta, baba," nikaona watacheka. Nikafikiria kuugua, nikaona wataniita mwoga. Mwisho, asubuhi ya mashindano, nikamwendea katibu wa klabu nikamwambia baba anaumwa mgongo, tafadhali amweke mtu mwingine. Uongo mdogo tu, wa heshima. (Baba mwenyewe sikumwambia, nilidhani atafurahi kupumzika.)

Katibu yule, Mzungu mwenye huruma kupita kiasi, akamtoa baba shimoni kwa kumshika mkono, akamkalisha kwenye kiti mbele kabisa, akamfunika blanketi magotini, na jua lile, kisha akashika kipaza sauti: "Mzee yetu iko gonjwa ya mgongo! Leo toto yake napiga bunduki! Piga makofi!"

Baba akanitazama. Mtu mwenye afya yake, aliyeamka akapasua kuni. Angesema haumwi, mimi ningekuwa mwongo mbele ya wakubwa wangu wote. Basi akapeleka mkono mgongoni polepole, akakunja uso, akasema, "Eee. Unauma."

Akaletewa dawa. Akaimeza.

Zamu yangu ikafika. Nikapaza, "Vuta!" Kisahani kikaruka, lakini jicho langu lilikwenda kwenye kiti, maana mkono wa baba ulikuwa umetoka chini ya blanketi na kuvuta pamoja na sauti yangu, umevuta hewa tupu. Nikakosa. Nikaita tena, mkono ukavuta tena, nikakosa tena, na jamaa wa ofisini wakaanza.

"Msomi, hiyo sahani haina mtihani!"

"Mwacheni, bado anaisoma!"

Hapo ndipo alipotokea shangazi yangu, amekuja na wanawake wenzake kutoka Malinya kunipigia vigelegele, akamkuta ndugu yake amefunikwa blanketi. "Wooi! Ndugu yangu! Mmemleta afie kwa Wazungu?" Akakata mbele ya bunduki mikono kichwani, wenzake nyuma yake, wote wanalia, mashindano yakasimamishwa, nikanyang'anywa bunduki kwa usalama wa watu, nikatoka pale sijavunja hata kisahani kimoja.

Laiti yangeishia hapo. Jioni katibu, kwa huruma ile ile, akamwambia baba kwamba mzee mgonjwa hawezi kurudi shimoni, akamshukuru kwa kazi, akampa mkono. Baba hakubisha. Angebishaje, na dawa ameshaimeza?

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nyuma yake. Tulipokaribia mto akauliza bila kugeuka, "Mgongo wangu unaendeleaje? Wewe ndiye unayeujua."

Nikamweleza ile habari yangu ya heshima, kwa kigugumizi. Akasimama.

"Mimi nimevutianga watu pale miaka yote. Wengine waliniita na matusi juu. Nikasema, sawa, siku moja ataniita mtoto wangu, na watu wote wasikie ni mtoto wangu. Hiyo ndiyo sauti nilikuwa nangoja." Akanigeukia. "Hebu niite sasa."

Nikafungua mdomo. Kilichotoka hata mimi sikukisikia.

"Kwa sauti hiyo," akasema, "hata ningekuwa shimoni nisingevuta." Akacheka kidogo, akatangulia.

Alitutoka mwaka uliofuata (wala si kwa mgongo), na bunduki sijaishika tena. Nimebaki na kiapo kimoja, kwamba sitamwamulia mtu heshima anayoitaka kabla sijamuuliza. Na siku nyingine nikiwa peke yangu shambani napaza, "Vuta!" kwa nguvu zangu zote, majirani wanadhani nafukuza nyani kwenye mahindi.