Nduma Juu ya Piano

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi.

Jana kwa hoteli moja Embu niliona piano inayojicheza kwa stima. Lazima niwe mkweli, sauti yake ni safi kushinda ile ya utotoni kule Ruiri. Lakini haihitaji mtu.

Ile ya Ruiri ilikuwa katika nyumba ya mzungu aliyerudi kwao, akamwacha Baba ailinde. Mama alikuwa amefariki, tukabaki wawili. Alasiri moja Baba aliketi akakanyaga pedali, karatasi yenye matundu ikazunguka, na vibao vyeupe vikashuka vyenyewe. Kulinuka vumbi na nta.

"Baba, nani anabonyeza?"

"Wewe sikiliza tu, Kaari."

Nikajua ni Mama. Nikamwekea kipande cha nduma juu ya piano, kama Nyanya alivyowawekea wafu wake. Baba alikiona, akaendelea kukanyaga. Nilimsikia akihema, lakini miguu yake sikuitazama hata mara moja. Sijui kama nilimshukuru. Nadhani sikumshukuru.

Jioni nimekula nduma na chai, peke yangu. Kipande kimoja nimemwekea Baba.