Josho la Jonas

Watu wa huku kwetu juu ya Lushoto wana mdomo. Nilipoanza kuchimba shimo nyuma ya nyumba, wakapita mmoja mmoja kuuliza kama nachimba choo au namzika nani. Nikawaambia nachimba mahali pa mdogo wangu Jonas kukaa kwenye maji ya baridi. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Huku mwezi wa saba mtu anachemsha hata maji ya kunawa uso, halafu Esta anamtafutia mdogo wake baridi! Jina wakalitoa papo hapo: josho la Jonas, kama lile la kuogeshea ng'ombe.

Wacheke. Jonas nimemlea mimi tangu mama yetu afariki, akiwa bado anakojoa kitandani. Darasani hakuwa mtu wa kusifiwa, na jembe alilishika kwa kununa. Alichojua ni kukimbia. Asubuhi anashuka bondeni, anapanda tena na ukungu wake, anafika nyumbani anauliza chai iko wapi. Timotheo, kocha wa klabu ya riadha pale mjini, alimwona, akaja mwenyewe mpaka kwangu. Timu ya jeshi inachagua wakimbiaji Tanga, akasema, na huyu kijana wako, huyu mgoshi, atachaguliwa hata akiwa usingizini. Akichaguliwa anapata ajira. Ajira, jamani! Ukoo wetu mzima hakuna aliyewahi kuajiriwa.

Basi, mchujo ukiwa bado mbali kidogo, kisigino kikaanza. Ule mshipa mkubwa wa nyuma ukavimba, Jonas akawa akiamka lazima ashike ukuta kwanza. Kocha akasema wakimbiaji wakubwa wanakaa kwenye mapipa ya barafu yenye bei mbaya, lakini sisi tuna maji ya mlimani, tutengeneze la kwetu.

Nikatengeneza. Shimo nilichimba kwenye kivuli cha mparachichi, urefu wa mtu kukaa akanyoosha miguu, kina cha kufika kifuani. Mawe tuliokota korongoni, nikayapanga chini na pembeni, fundi Alen akapiga plasta. Mpira ukaleta maji kutoka chemchemi ya huko juu msituni. Yanaingia upande huu, yanatokea ule kwenda kwenye kabichi, hayapati nafasi ya kusimama yakashika joto. Juu tukafunika mabati chakavu. Barafu ya nini tena? Ukitia mkono, mifupa inalia.

Jonas akiingia alikuwa anatoa sauti ya mbuzi. Mimi nakaa ukingoni naimba wimbo wa kanisani, beti zote, na hatoki mpaka nimalize.

"Dada, ruka ubeti!"

"Siruki! Kaa!"

Tulicheka sana siku zile, sikatai.

Na kweli uvimbe ulipungua. Daktari wa kituo cha afya akamwambia asikimbie kabisa mpaka maumivu yaishe. Lakini Timotheo akaona njia ya mkato: Jonas akae kwanza kwenye maji, mguu ufe ganzi, halafu akimbie. Nilifoka. "Kocha, mguu usiosikia kitu ndio mguu uliopona?" Akanijibu kwa ule upole wake wa kuudhi, "Dada Esta, wewe shika kabichi, mbio niachie mimi." Jonas naye akawa upande wake. Alikuwa anakimbia bila maumivu, nani angemwambia kitu?

Tanga nilikwenda. Kule ni joto tupu, kwa hiyo Timotheo alinunua barafu kwa wauza samaki, akaijaza kwenye ndoo, na Jonas akatumbukiza mguu mpaka walipoitwa kujipanga. Alianza vizuri. Alikuwa wa pili, nyuma ya kijana mmoja mrefu, nami napiga vigelegele mpaka koo linakauka. Ghafla akageuka nyuma, kama mtu aliyepigwa jiwe kisiginoni anayetaka kumjua aliyelirusha. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Akaanguka. Mshipa ulikuwa umekatika.

Hospitali walifanya walichoweza. Sasa Jonas anatembea akiburuta mguu, anapalilia kabichi asizozipenda, na wakimbiaji wakipita barabarani anaingia ndani. Timotheo alikuja mara moja, na mkate na sukari. Hata kiti nilimnyima. Namchukia, na mtu asiniombee kwa hilo.

Jumamosi iliyopita akaja tena, safari hii na msichana, Happiness, mkimbiaji wake mpya kutoka Mlalo. Akasimama mlangoni bila haya.

"Dada Esta, lile josho bado linapitisha maji? Huyu ana kisigino, na mchujo wa jeshi umekaribia."

Nikashika mlango nimfungie usoni. Jonas akanipita, akatoka nje.

"Shikamoo kaka," msichana akamwamkia.

Jonas akamsogelea. Alipandisha suruali akamwonyesha kovu lote, na ile nyama ya mguu iliyokonda.

"Ukitoka humo utajiona umepona. Hujapona. Mimi nilikimbia hivyo hivyo, huyu huyu akinishangilia. Rudi Mlalo ukapumzike."

"Usimkatishe tamaa mwenzako, mgoshi," akasema Timotheo.

Happiness alilitazama lile kovu kwa muda mrefu. Niliona kabisa kwamba ameelewa, hakuwa mjinga yule. Kisha akanigeukia mimi, kwa adabu zote.

"Mama, kwetu nako hakuna aliyewahi kuajiriwa. Viatu nivulie wapi?"

Nikamtazama Jonas, nikingoja afoke. Hakufoka. Alikwenda mpaka chini ya mparachichi akichechemea, akainama, akaanza kumwondolea mabati.