Ulimi wa Lokosang

Lokosang alisomea umeme Gulu, Uganda, akiwa mkimbizi, na kitabu cha huko kilikuwa wazi: taa ya ndani ya bwawa la kuogelea ipewe umeme mdogo kupitia transfoma, ngazi na kila chuma cha ukingoni viunganishwe na waya wa kwenda ardhini, na pawepo swichi ya kukata umeme ukivuja. Alipoajiriwa hotelini mjini Juba, jirani na mtaa wa Juba Na Bari, alivikuta vyote. Kisha vita vikaja, navyo havisomi. Transfoma iliungua, taa ikaungwa moja kwa moja. Waya wa ardhini ulikatwa, ukaenda soko la Custom kuuzwa kama shaba. Swichi ilikata kila jioni, kwa sababu umeme ulivuja kila jioni, mpaka meneja, Romano, akasema swichi hiyo ni mwoga, iondolewe. Lokosang akaiondoa.

Mahali pake aliweka mkono. Kila asubuhi, jenereta ikinguruma, alichovya mgongo wa kiganja majini akatangaza kwa Kiarabu cha Juba, "Mafi. Hakuna kitu." Hakuna mwogeleaji aliyewahi kulalamika. Wageni walikuwa wamekwisha panda ndege.

Julai 2016, risasi ziliponyamaza, malori ya maji hayakurudi. Wanawake wa mtaani wakaja bwawani na majerikani. Romano aliwaruhusu, ila jenereta isizimwe: friji zilikuwa na nyama ya wageni ambao hawakuwepo.

Aliyetangulia kushika ngazi ni Suzan, muuza chai wa getini. Vidole vyake vilikuwa na mikato ya vioo vya dirisha lake.

"Fundi, hii maji inauma."

"Ni vidonda hivyo."

"Vidonda yangu mimi najua. Hii inatetemeka."

Lokosang akachovya mkono. Miaka ya kupigwa na umeme ilikuwa imeufanya gome. "Mafi."

"Huo mkono yako ilikufa zamani, ya zol, wewe mtu. Weka ulimi."

Nyuma kwenye foleni wakacheka kidogo. Lokosang akapiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akalamba maji. Akabaki pale ameinama, kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua.

"Suzan, achia ngazi. Rudi nyuma. Wote."

Akaenda akazima jenereta.

"Nyama itaoza," Romano alisema.

"Ioze, mudir."

Akaukata waya wa taa ya bwawa, akauvuta wote nje, ndipo akawasha tena. Nyama haikuoza.

"Na wageni wakirudi? Bwawa litakuwa giza."

"Wakirudi tutawauliza wanataka kuona nini."

Kesho yake waya haukuwepo tena, lakini hakuna mwanamke aliyesogea. Walimsubiri. Lokosang akapiga magoti, akalamba, akainuka; ndipo majerikani yakateremka. Ikawa hivyo kila asubuhi mpaka malori yaliporudi. Padri mmoja aliyekuja kuomba maji alimkuta amepiga magoti, akavua kofia, akangoja amalize kusali.