Galaksi Yenye Haina na Mikono

Bwana yangu Stanislas anafanyaka picha za shaba hapa ku mutaa ya Panda. Anapiga shaba kwa nyuma na nyundo, ku mbele kunatokea tembo, ao mama mwenye kutwanga. Watu wanapenda kazi yake. Yeye mwenyewe, kumupenda kunaomba uvumilivu.

Mutoto yetu Jaël alikuwa anamaliza masomo ya fizikia kule Lubumbashi. Aliandika juu ya galaksi moja ya mbali sana: nuru yake inasafiri miaka milioni mia tatu mbele ya kufika kwetu. Haina hata jina, iko na namba tu. Akaomba baba yake: "Papa, unipigie ile galaksi mu shaba. Siku ya soutenance, nikitetea kazi yangu, nitaiweka mbele ya jury." Stanislas alifurahi mpaka akasahau kula, bukari ikapoa mu sahani.

Jaël alimuachia picha yake ku karatasi. Katikati kinundu yenye kuangaza, pembeni duara bapa, basi.

Stanislas aliiangalia, akaigeuza, akaiangalia tena. "Marceline, si watasema shaba iliniisha?" Akaipiga mu shaba, akaongeza mikono miwili mikubwa yenye kuzunguka, sawa zile galaksi za mu vitabu.

"Weye, mutoto hakukuomba mikono," nikamuambia.

"Fundi ni nani hapa?"

Jaël alifika siku moja mbele ya soutenance. Akafunua kitambaa, akagusa ile mikono na kidole. Kisha: "Papa, kazi yangu yote iko pale. Nilitafuta mikono, sikuiona. Gesi imebakia kidogo sana, nyota mpya hazizaliwi. Zenye ziko ni za zamani, nyekundu-nyekundu. Nikipeleka hii nitakuwa nasema uongo. Nitaenda mikono mitupu."

"Basi enda!" Stanislas akatoka inje.

Aba! Nilikasirikia bote wawili: mutoto mwenye kusema kavu vile, na muzee mwenye kununa sawa mutoto. Lakini nilipotoka ku soko nilimukuta Stanislas amewasha makaa. Shaba yenye imepigwa inakuwaka ngumu. Inaomba moto njo ilegee. Akaitia mu moto, akaitoa, akaanza kupiga ile mikono mpaka ilale. Ililala, lakini haikupotea yote. Kivuli yake ilibakia.

"Imeharibika," akasema. "Asiibebe."

Jaël aliifunga mu kitambaa. Tukaenda Lubumbashi batatu, na mu njia hakuna mwenye alijua kama ataionyesha. Stanislas hakuuliza.

Mu salle, chumba ya soutenance, Jaël alifungua kitambaa, akaisimamisha ku meza. Alisema kazi yake vizuri. Kisha professeur mumoja akanyoosha kidole: "Mademoiselle, uliandika hakuna mikono. Hizi alama za kuzunguka ni nini?"

Stanislas aliinamisha kichwa.

"Ni papa yangu aliweka mikono," Jaël akajibu. "Nilikatala, akaitoa na moto na nyundo. Kuna galaksi za namna hii zenye wanasayansi wanawaza zilikuwa na mikono zamani, kisha gesi ikaisha. Ya kwangu siwezi kusema vile, sina ushahidi. Juu ya hii ya shaba, shahidi niko naye. Anaikala kule nyuma, mwenye shati ya buluu."

Salle nzima ikageuka. Stanislas akasimama, machozi yanamushuka mbele ya bale bakubwa bote. Nikamuvuta shati aikale. Akakatala.