Fundi Sikio aligomea ajali isiyoumiza mtu

Saa mbili na robo asubuhi, katika uwanja mtupu nyuma ya ghala, mwanamke wa miaka arobaini na tisa amelala chali chini ya gari jekundu. Anafunga kinasa sauti kando ya bomba la moshi kwa utepe mweusi. Kingine kiko ndani ya boneti, kimevishwa sponji. Anatoka, anajifuta mikono kwenye overoli, kisha anampungia dereva.

"Kanyaga. Zaidi. Sasa achia taratibu."

Gari linanguruma mpaka madirisha ya ghala yanatetemeka. Mtaalamu wa sauti anatabasamu na kusema mlio huo ni mtamu.

"Mtamu? Huo ni ugonjwa," mwanamke anamjibu. "Plagi ya tatu haichomi. Zima, niitoe."

Plagi inatolewa. Imejaa masizi. Hakuna anayebisha.

Wenzake humwita Fundi Sikio. Kwa zaidi ya miaka ishirini amezitibu injini kwa kuweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake sikioni, akisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Sasa sikio hilo limeajiriwa na kampuni ndogo inayotengeneza gemu ya mbio za magari mitaani. Siku moja ya kazi humpa karibu kile alichokuwa akikipata gereji kwa siku tatu.

Katika gemu hiyo mchezaji huendesha gari mji mzima, kokote atakako, akishindana na madereva wasioogopa sheria. Madereva hao hawajui kuwa yeye ni askari aliyejipenyeza kati yao. Kazi yake ni kuzoeleka, kuaminiwa, kisha kuwakamata.

"Waliponieleza hivyo, mwili mzima ulinisisimka," anasema. "Nikajiuliza, hawa watu nani kawasimulia habari zangu?"

Hakuna aliyewasimulia. Walikuwa wanatafuta fundi tu. Lakini habari hizo yeye alishaziishi, tena mezani kwake.

Miaka minane iliyopita alikuwa na gereji yake. Mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu baba yao alipofariki, alikuwa dereva wa mbio za mitaani. Magari ya mbio hizo yalitengenezwa hapo hapo gereji, mlango ukiwa wazi.

"Nisikufiche. Nilijua yanakwenda wapi," anamwambia mwandishi. "Nilikuwa naona fahari. Wakisema gari la fulani linaruka, mimi najua mikono iliyolirusha ni hii."

Ndipo akaja mteja mmoja, mtu wa maneno machache, gari lake likikosa nguvu kwenye mlima. Wakampa jina la Mpole. Alikuja mara moja, akaja mara ya pili, mwisho akawa haondoki. Alishika tochi fundi akiwa chini ya gari. Alikula kwao. Mama yao alimpenda hata akawa anamtengea kiti.

Akamwita fundi dada. Fundi akaitika.

Urafiki huo ulidumu miezi kumi na moja. Jumapili moja alasiri, kwenye mbio zilizokatiza mtaa wa maduka, gari la mdogo wake lilipanda ukingo wa barabara na kumgonga mshona nguo aliyekuwa anafunga duka lake. Mdogo wake hakusimama. Siku nne baadaye gereji ilijaa askari, na aliyewaonyesha njia ya kuingilia uani alikuwa Mpole, safari hii kitambulisho kikining'inia shingoni.

"Hakunitazama usoni," anasema fundi. "Alitazama sakafu, mahali palepale alipokuwa akikaa na tochi."

Fundi alilala mahabusu siku tisa. Mdogo wake alifungwa miaka mitatu. Gereji ilifungwa na haikufunguliwa tena. Mshona nguo alipasuliwa mara mbili, na mpaka leo anatembea kwa gongo. Mama yao hakuambiwa ukweli wote. Bado huuliza yule Mpole alihamia wapi.

Baada ya hapo fundi aliishi kwa vibarua kwenye gereji za watu, mpaka mwaka jana kampuni ya gemu ilipompigia simu. Walihitaji sauti za magari kumi na mawili. Alikuwa amemaliza saba siku alipomkuta mwanamume mmoja akikinga maji kwenye kona ya ofisi. Nywele zilianza mvi, lakini mabega aliyajua.

Mpole alikuwa ameacha uaskari. Kampuni ilimwajiri kama mshauri, awaeleze waandishi wa gemu namna askari anavyoishi na uongo.

"Dada," alisema.

"Hilo neno ulilitumia ukiwa kazini," fundi akamjibu. "Kazi imekwisha, liache."

Aliingia chumba cha sauti, akajifungia, na hakufanya kazi yoyote siku hiyo. Usiku mdogo wake alimshauri aache. Akakataa. "Kwa nini nihame mimi? Mara ya kwanza nilihamishwa. Ya pili nibaki nilipo."

Wakafanya kazi jengo moja wiki tatu bila kusemeshana. Akiingia yeye jikoni, anatoka yule. Wafanyakazi wengine wakawa wanapita kati yao kama watu wanaovuka barabara yenye magari.

Kisha ikaja siku ya majaribio. Watu wanane walikusanyika mbele ya skrini kubwa kuona kama milio inaendana na picha. Fundi alipewa pedi ya kuchezea mkononi. Kampuni ilitaka aendeshe mwenyewe. Mpole alikaa kiti cha mwisho, ukutani.

Gari likaondoka. Gia ya pili, ya tatu, ya nne, kila mlio mahali pake. Fundi anakiri kuwa alianza kufurahi. Kwenye kona ya mtaa wa maduka gari likateleza, likapanda ukingo, likamgonga mwanamke aliyebeba kikapu. Mwanamke akarushwa hewani, akaanguka, akainuka, akajipangusa vumbi, akaendelea na safari yake.

Chumba kizima kikacheka. Fundi akaweka pedi chini.

"Huyu kainukaje?"

Meneja alidhani ni utani. Akamweleza kwa upole kwamba hii ni gemu, watu hawaumii, na kwamba damu ingewazuia kuiuza kwa vijana.

"Sikuombi damu. Wala sikuombi afe," fundi alisema. "Nakuomba asiinuke."

"Mama, mchezaji analipa ili afurahi. Tukimharibia furaha, harudi."

"Basi sauti tatu zilizobaki mtatafuta pengine."

Meneja akamkumbusha kuwa ametia saini mkataba. Akamwambia pia kuwa mkataba huvunjwa na pande zote mbili, na kwamba hata malipo ya zile tisa alizomaliza yanaweza kuangaliwa upya. Fundi alikuwa akitegemea malipo hayo kwa kodi ya nyumba. Aliinama kuokota mkoba wake.

Hapo ndipo Mpole aliposimama.

"Ana haki," alisema. "Mimi nilikuwa gari la nyuma."

Hakuna aliyemwelewa isipokuwa mtu mmoja. Miaka yote fundi aliamini Mpole hakuwepo siku ile. Kumbe alikuwa anashindana, ili asishukiwe. Alimwona mshona nguo akigaragara. Angesimama, kazi ya miezi kumi na moja ingeharibika. Akapita, akapiga simu kuita gari la wagonjwa huku anaendesha.

"Nilipita kama hivi," akasema, akionyesha skrini. "Tofauti ni kwamba kwenye kioo cha nyuma yule mama hakuinuka."

Fundi alikaa tena. Anasema hakuhisi hasira, wala huruma. "Nilihesabu. Mmoja alitengeneza gari, mmoja aligonga, mmoja alipita. Na aliyelipa ni wa nne, ambaye hakuwa na mbio yoyote."

Mabishano ndani ya kampuni yalichukua karibu mwezi. Mwisho wakakubaliana na jambo ambalo fundi mwenyewe alilipendekeza. Mchezaji akimgonga mtu, muziki unakatika. Gari linazimika na haliwaki. Kwa sekunde arobaini hakuna cha kufanya, na kinachosikika ni kimoja tu: chuma cha moto kikipoa, ti, ti, ti, chini ya gari. Mlio huo fundi aliunasa kwa mikono yake, akiwa amewakataza wenzake hata kukohoa.

Meneja bado ana wasiwasi. Kati ya wachezaji ishirini walioijaribu, saba walilalamika kuwa sekunde arobaini ni nyingi. Mmoja alitoka nje, akarudi, akaendesha polepole mpaka mwisho.

Leo fundi ananasa gari la kumi na mbili. Baada ya hapo ameahidiwa kazi nyingine, na anaweka akiba afungue gereji ndogo ya magari ya kawaida, ya watu wanaokwenda kazini na sokoni.

Je, amemsamehe Mpole? Anasugua kucha kwa kitambaa. "Hapana. Lakini siku hizi nikiwa jikoni akaingia, sitoki."

Lililo moyoni mwake zaidi ni Jumamosi ijayo. Yeye amekwisha kumtembelea mshona nguo mara mbili. Mdogo wake, ambaye sasa anapakia vigae ghalani, hajawahi. Kila akikaribia kukata shauri, alikuwa akipata kisingizio. Juzi, baada ya kusikiliza zile sekunde arobaini kwenye simu ya dada yake, alisema yuko tayari.

Fundi akampigia mshona nguo kuomba ruhusa.

"Mlete," mshona nguo akasema. "Ila gari msije nalo. Nikisikia injini mlangoni kwangu, sifungui."

Mpole naye aliposikia, aliomba waende pamoja. Fundi alimwambia apige simu mwenyewe, apangiwe siku yake.

Kutoka kwao hadi kwa mshona nguo ni kilomita sita na ushei. Wataondoka saa kumi na mbili unusu asubuhi, dada na mdogo wake, kwa miguu.