Siku Niliyotafutwa Kwenye Mahindi ya Rhotia

Haya, chekeni mmalize ndipo nianze, maana aibu hii nimekaa nayo kimya tangu mwezi wa tatu na Karatu nzima inaijua vipandevipande.

Nilikuwa kwa mkandarasi, tunavuta nyaya Rhotia, kazi nzuri lakini mradi ukiisha na wewe umeisha, ndiyo maana shirika la umeme liliponiita kwenye usaili wa ajira ya kudumu hata usingizi sikupata. Shida ilikuwa fomeni wetu, Baba Elia, aliyenifundisha mpaka kupanda nguzo, nikaona nikimwomba ruhusa atajua namkimbia, basi nikaamua nitoroke tu saa nne, saa sita nimerudi (akili za mtu mzima hizo).

Sasa, kabla ya kupanda nguzo kila fundi hufunga kufuli lake kwenye swichi ya laini, ufunguo anakaa nao mwenyewe, na umeme haurudi mpaka wote wameshuka na kufungua. La kwangu nililifunga asubuhi. Saa nne nikashuka, nikabadili shati kichakani, nikavaa tai, nikapanda bodaboda hadi mjini, na simu nikaizima kwa heshima ya usaili.

Kwenye usaili mama mmoja wa miwani akaniuliza, umeme unatakiwa urudi na kufuli la mwenzako bado liko kwenye swichi, utafanyaje? Nikajibu kwa madaha kwamba siligusi, namtafuta mwenyewe kwanza, maana huenda bado yuko juu au ameanguka mahali. Nikatia mkono mfukoni nitoe leso nifute jasho, nikagusa ufunguo. Na badala ya kusema (hapo ndipo ninapojichukia), nikajibu maswali mawili zaidi huku naomba Mungu wamalize, mpaka karani akaingia akasema kuna fundi haonekani Rhotia, zahanati haina umeme, wanamtafuta. Akasoma jina. Langu.

Yule mama akaangalia karatasi yangu, akaniangalia mimi. "Inuka, twende," akasema.

Gari la shirika likatupeleka Rhotia. Tulikuta watu wametapakaa kwenye mahindi wakiita jina langu, akina mama wameacha majembe, wenzangu wanakagua nguzo moja baada ya nyingine. Nikashuka na tai yangu. Nilijua Baba Elia atanitukana, lakini alikaa chini palepale kwenye udongo, akalia mbele za watu.

"Nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mama yako," akasema.

Nikafungua kufuli. Kazi ya shirika sikupata, na sikuthubutu hata kuulizia. Baba Elia alinirudisha baada ya wiki mbili, nichimbe mashimo ya nguzo, kupanda bado. Siku hizi hata nikienda kujisaidia naaga kila mtu kwa jina lake, wenzangu wananicheka, na wacheke, lakini sirudii tena kumfanya mtu anililie na mimi ni mzima.