Gauni Lililotiwa Wanga

Baba alikuwa dobi wa nyumba moja ya Wabelgiji kando ya ziwa, pale Goma, miaka michache kabla ya uhuru. Kwake nguo iliyolegea ilikuwa aibu ya dobi. Kila Jumamosi alinifulia gauni langu la kanisani, akalitia wanga wa muhogo, akalipiga pasi ya makaa hadi likakakamaa, nami nikaringa nalo misa nzima.

Siku moja Madame alimkabidhi gauni la bibi mzaa bibi yake. Lilikuwa vazi la kutokea mchana, la miaka zaidi ya mia moja iliyopita: jeupe, jepesi kama ganda la kitunguu, kiuno kimepanda hadi chini ya matiti, mikono mifupi iliyotuna. Alitaka kulivaa Jumapili mbele ya wageni, akasema lioshwe kwa maji tu. Baba alipoona kitambaa kinavyolegea, alimwonea Madame huruma. Akalitia wanga, mara mbili.

Lilipokauka lilisimama lenyewe. Madame alipolikunjua, likakatika kifuani.

Jumapili hiyo nilikuwa nimempelekea baba chakula, nikakaa uani. Madame akamwita barazani.

"Wewe vaa hii," akasema. "Hapana vaa, kesho hapana rudi."

Tulikuwa watoto watano, na kazi ile ndiyo iliyotulisha.

"Ndiyo, Madame," baba akasema.

Akavua koti lake la kazi, akaingiza kichwa. Mshono wa mgongo ukaachia. Kiuno kilimkaa kwapani, na miguu yake yenye magaga ikatokeza chini ya pindo. Wageni walicheka hadi wakafuta machozi. Mmoja wao, mwanamke, akanipa biskuti, akaniangalia kuona kama nami nimefurahi.

Nikacheka. Hakuna aliyenilazimisha. Baba alichekesha, biskuti ilikuwa tamu, na ninajichukia hadi leo ninapoandika haya. Aligeuka akaniona.

Kazi hakuipoteza. Komunyo yangu ya kwanza ilikuwa wiki iliyofuata. Asubuhi mama alimletea gauni langu jeupe, limejikunja vibaya kutoka sandukuni. Makaa yalikuwa yamekolea, na baba alikuwa akipiga pasi shati lake mwenyewe. Hakuinua macho.

"Mwache avale vile iko," akamwambia mama. "Batu nabo bacheke."